Mbwa, Mbweha na Kipande cha Sabuni

Ichukuliwe jioni moja katika kijiji kimojawapo cha Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara. Jua halijatua. Kijana wa kidato cha pili anarejesha mbuzi zizini, na mbwa wa nyumbani, ambaye kama mbwa wengi wa huko amepewa jina la fahari, Simba, anachomoka na kuingia kichakani akibweka. Vumbi linatimka, panasikika kilio, kisha kimya. Mbwa anatoka akiwa na jeraha dogo puani na jingine sikioni. Nyuma yake anatoka mbweha, na ajabu ni kwamba mbweha huyo hakimbii watu. Anasimama mahali peupe huku mate yakimdondoka, mpaka wanaume wawili wanampiga rungu la kichwa na kumtupa korongoni. Kijana anampangusa mbwa wake damu na mate kwa kiganja ambacho mchana kutwa kimechubuliwa na miiba, anamsifu kwa ushujaa wake, kisha watu wote wanakwenda kula.

Kisa hicho ni cha kubuni, ila walimu wanaofundisha karibu na hifadhi watakitambua bila kutajiwa majina. Hakuna aliyezembea: mbwa amelinda mbuzi, wanaume wamelinda watoto, kijana ameonyesha upendo kwa mnyama wake. Hata hivyo karibu kila hatua iliyochukuliwa pale, tangu kupangusa mate hadi kulivunja fuvu la mbweha, ni hatua ambayo mwanasayansi angeomba isichukuliwe.

Mbwa apambanapo na mnyama wa porini, macho ya watu huenda moja kwa moja kwenye jeraha. Likiwa kubwa watu husikitika. Likiwa dogo hucheka na kuendelea na shughuli zao. Maoni yanayotolewa katika makala haya ni kwamba kipimo hicho si sahihi. Linalostahili kuchunguzwa kwanza ni mate, wala si ukubwa wa jeraha. Na baada ya mate kuna swali la pili, ambalo ni gumu zaidi kwa mtu apendaye mbwa: kati ya wanyama hao wawili, ni nani hasa amletaye mwenzake hatari?

Si kila pambano lina uzito huo, na ni vema yaliyo mepesi yaondolewe njiani mapema. Nungunungu, kwa mfano, harushi miiba yake kama mishale, ingawa masimulizi hayo yameenea kila mahali. Humgeuzia adui mgongo na kumwendea kinyumenyume, na miiba iliyolegea hubaki mwilini mwa mbwa. Ushauri wa kuikata miiba hiyo kwanza ili upepo utoke ni wa kupotosha, kwa sababu humwacha mbwa na kipande kilichozama kisicho na pa kushikiwa. Kazi hiyo ni ya afisa mifugo, mwenye koleo na dawa ya kumtuliza mnyama. Mbwa aliyetemewa sumu machoni na swira aoshwe macho kwa maji mengi mara moja, bila kufikichwa. Nyani naye huacha matundu membamba yenye kina kirefu ambayo kwa nje huziba upesi huku ndani usaha ukijikusanya. Mbwa wa namna hiyo anahitaji dawa hata akionekana mzima. Na katika pambano lolote, liwe la nyani, nyegere au ngiri, mkono wa mtu usitiwe kati ya vinywa viwili. Ndoo ya maji, kelele za sufuria, ubao au blanketi huwatenganisha wanyama vizuri zaidi, na mtu aliyeumwa na mbwa wake mwenyewe katika purukushani hizo ameumwa vilevile.

Mbweha wa kisa cha mwanzo ni jambo jingine kabisa. Kwa kawaida mbweha humwogopa binadamu, na penye makazi ya watu hupendelea kutembea usiku na alfajiri. Anapoonekana amesimama uwanjani mchana bila woga, au anapoingia bomani na kuuma kila kitu kilicho mbele yake, ng'ombe, mbwa hata gogo, huo si ujasiri. Ni dalili kwamba ubongo wake umeshambuliwa, na ugonjwa wa kwanza kushukiwa ni kichaa cha mbwa.

Virusi vya ugonjwa huo vina umbo la risasi, na ni vidogo mno hata darubini za kawaida za shule haziwezi kuvionyesha. Hukaa kwa wingi katika mate ya mnyama mgonjwa. Vikiingia kwenye jeraha havikimbilii katika damu kama vifanyavyo vijidudu vya magonjwa mengi. Huingia katika mishipa ya fahamu na kupanda polepole kuelekea uti wa mgongo na ubongo. Kwa binadamu safari hiyo aghalabu huchukua miezi miwili au mitatu, ingawa yaweza kuwa wiki chache au hata mwaka mzima, kutegemea mahali palipoumwa na wingi wa virusi. Katika muda wote huo mtu hali chakula kidogo kuliko kawaida wala haumwi kichwa. Anakwenda shule, anacheza mpira. Lakini virusi vikishafika kwenye ubongo na dalili kuanza, kama vile kuogopa maji, kuweweseka na kukakamaa, hakuna dawa inayotegemewa kumrudisha, na karibu kila mgonjwa hufa.

Polepole hiyo ndiyo iliyompa nafasi Louis Pasteur mjini Paris. Mwezi Julai 1885 alimchanja mtoto Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa vibaya na mbwa siku mbili kabla, na mtoto huyo hakuugua. Chanjo nyingi humtaka mtu achanjwe kabla ya kukutana na ugonjwa. Hii humsaidia hata aliyekwisha kuumwa, kwa sababu mwili hupata muda wa kujenga kinga wakati virusi bado viko njiani. Kwa hiyo kila siku inayopotea baada ya kuumwa ni siku ambayo virusi vimeongezewa bure.

Msaada wa kwanza, hata hivyo, hauko hospitalini. Uko karibu na karo la kuoshea vyombo. Virusi vya kichaa cha mbwa vimefunikwa na utando wenye mafuta, na mwanafunzi yeyote aliyesoma namna sabuni inavyoondoa mafuta kwenye sahani anaweza kueleza yatakayotokea: molekuli za sabuni huuvunjavunja utando huo, na virusi bila utando haviwezi tena kuingia katika chembe hai. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15. Ni muda mrefu kuliko watu wanavyodhani, na ni vema mwalimu awaache wanafunzi waupime kwa saa darasani ili waone ulivyo mrefu. Baada ya hapo dawa ya kuua vijidudu ipakwe. Kidonda kisipakwe majivu, mafuta ya taa wala pilipili, na kisishonwe kwa haraka.

Kijana wa Serengeti hakuumwa na mbweha, na hapo ndipo wengi wangekosea. Mate ya mbweha yalikuwa puani na sikioni mwa mbwa, nayo yaligusana na michubuko ya kiganja. Kwa daktari hilo ni tukio kamili. Kijana huyo alipaswa kuosha mkono mara moja na kwenda kituo cha afya kabla ya kulala, au asubuhi ya kesho yake kwa kuchelewa sana, ili aanzishiwe sindano kwa ratiba atakayopangiwa. Sindano hizo siku hizi huchomwa mkononi. Hadithi za kutisha kuhusu sindano nyingi za tumboni ni za zamani, na inasikitisha kwamba mpaka leo huwafanya baadhi ya wazazi waahirishe safari ya zahanati. Pale ambapo meno yamezama kweli, hasa usoni na kichwani, mgonjwa huhitaji pia kingamwili zilizo tayari, ambazo hudungwa kuzunguka jeraha lenyewe.

Na mbweha je? Kumuua kulikuwa na sababu, lakini si kwa namna ile. Maabara huthibitisha kichaa cha mbwa kwa kuchunguza ubongo, na fuvu lililopondwa kwa rungu huharibu ushahidi. Mzoga uliotupwa korongoni waweza kuliwa na mbwa wengine usiku uleule. Inafaa afisa mifugo aitwe, na mzoga usishikwe kwa mikono mitupu. Ukifunikwa mahali pa baridi mpaka atakapofika, kijiji kizima kitapata jibu badala ya kubaki na minong'ono.

Mbwa Simba hatima yake hutegemea jambo lililofanyika, au lisilofanyika, miezi mingi kabla ya jioni ile. Ikiwa alichanjwa na chanjo bado ina nguvu, anaoshwa kwa sabuni na mtu aliyevaa glavu, anaongezewa chanjo nyingine bila kuchelewa, kisha anafungwa na kuangaliwa kwa wiki kadhaa. Ikiwa hakuchanjwa kamwe, afisa mifugo atakuwa na mashauri mawili tu, nayo yote ni machungu: ama mbwa auawe kwa njia isiyo ya mateso, ama afungiwe peke yake kwa miezi mingi, mahali ambapo watoto hawawezi kumfikia. Katika kaya nyingi shauri hilo la pili haliwezekani. Ndiyo maana kuuliza la kufanya baada ya pambano ni kuuliza swali nusu. Nusu nyingine ilikuwa na jibu lake siku ya chanjo.

Sasa lile swali la pili. Wanakijiji husema mbweha ndiye aliyeleta kichaa kutoka porini, na kauli hiyo ina mvuto wake, kwa kuwa daima ni rahisi kumlaumu jirani asiyeweza kujitetea. Uchunguzi wa miaka mingi uliofanywa katika eneo la Serengeti, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008, ulionyesha mambo kwa sura nyingine. Ugonjwa ulipatikana kwa wanyama wa porini wa aina mbalimbali, lakini virusi vyenyewe vilikuwa vya ukoo mmoja na vile vya mbwa wa nyumbani, na mbwa ndio waliokuwa ghala linaloudumisha ugonjwa mwaka hadi mwaka. Mbweha hupata kichaa kutoka kwa mbwa, humwambukiza mwenzake au wawili, kisha mnyororo hukatika. Kwa upande wa binadamu hesabu ni kali zaidi: Shirika la Afya Duniani limekuwa likieleza kwamba katika kila vifo 100 vya watu vitokanavyo na ugonjwa huu, 99 chanzo chake ni mbwa. Makisio yaliyochapishwa mwaka 2015 yaliweka vifo hivyo karibu 59,000 kwa mwaka duniani, vingi vikiwa vya watu wa vijijini Asia na Afrika, na miongoni mwa wafao wamo watoto wengi.

Mikoa ya Lindi na Mtwara ina habari yake, nayo haifai kurukwa kwa sababu inaelekea kupinga yaliyosemwa. Huko, katika miaka iliyofuata 2011, takriban wanne katika kila wanyama kumi walioshukiwa kuwa na kichaa walikuwa mbweha. Ni kiwango kikubwa, na wataalamu waliuliza kwa haki kama mbweha wa kusini wamekuwa ghala jipya. Lakini chanjo ilipotolewa kwa mbwa, bila kumgusa mbweha hata mmoja, wagonjwa walipungua kwa mbwa na kwa mbweha pia. Mbweha wa kusini wastahili kuendelea kuchunguzwa. Ila katika kesi hii ushahidi hauwaelekei wao kwanza.

Wanyama wa porini wamelipa gharama kubwa kwa ujirani huu. Mbwa mwitu, wale wenye madoa na masikio ya mviringo, walikuwa wakifuatiliwa na watafiti katika uwanda wa Serengeti kwa miaka mingi. Mwaka 1990 kichaa cha mbwa kilithibitishwa katika kundi mojawapo, na kufikia 1991 makundi yote yaliyokuwa yakifuatiliwa yalikuwa yametoweka. Miaka mingi ikapita kabla ya makundi mengine kuanza kuhamishiwa hifadhini kutoka upande wa Loliondo, kuanzia 2012. Mapema mwaka 1994 zamu ikawa ya simba. Walionekana wakitetemeka, wakipepesuka na kukakamaa, na katika muda wa miezi kadhaa karibu theluthi moja ya simba wapatao 3,000 wa Serengeti walikufa. Ugonjwa ukavuka mpaka hadi Maasai Mara, ukawapata fisi, chui na mbweha masikio. Huo haukuwa kichaa. Ulikuwa distempa, ugonjwa wa mbwa ambao virusi vyake ni jamaa wa karibu wa virusi vya surua ya watoto na vya sotoka ya ng'ombe.

Neno sotoka huwarudisha wazee wafugaji mbali sana, na ndani yake limo somo ambalo wapenda mbwa wangefaidika nalo. Ugonjwa huo uliingia Afrika Mashariki kwenye miaka ya 1890 ukafyeka ng'ombe, nyati na nyumbu, ukaacha njaa nyuma yake. Kwa miongo mingi baadaye nyumbu wachanga wa Serengeti waliendelea kufa, na wengi waliamini kwamba nyumbu wenyewe ndio wanaoudumisha. Kisha ng'ombe wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi wakachanjwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ugonjwa ukatoweka kwa nyumbu. Hakuna aliyemchanja nyumbu hata mmoja. Idadi yao ilikuwa karibu 250,000 mwaka 1961. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa imefika kiasi cha 1,300,000. Msafara ule mkubwa wa nyumbu ambao watu husafiri kutoka pembe zote za dunia kuja kuutazama ni, kwa sehemu kubwa, zao la sindano aliyochomwa ng'ombe wa mfugaji. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani kote.

Kwa kichaa cha mbwa mfano huo unafaa karibu neno kwa neno. Kwa distempa haufai sana, na ni uungwana kukiri hivyo. Mbwa wa pembezoni mwa Serengeti wamekuwa wakichanjwa dhidi ya magonjwa hayo yote mawili, lakini uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba virusi vya distempa viliendelea kuwafikia simba hata vilipopungua kwa mbwa. Inaelekea viko wanyama wengine wanaovibeba. Maafa ya 1994 nayo yalikuwa na chanzo kilichochanganyika: ukame wa 1993 uliwadhoofisha nyati wakajaa kupe, simba wakala nyati hao, na vimelea vya damu vilivyoenezwa na kupe vikakutana na distempa katika miili ileile. Elimuviumbe haikosi kumkumbusha mtu kwamba sababu moja ni nadra. Lakini udhaifu wa hoja kwenye ugonjwa mmoja hauubatilishi kwenye mwingine, na unaoua watu ni kichaa.

Wapo wasemao dawa ni bunduki: mbwa wazururaji wapigwe risasi, na mbweha wakaribiao vijiji wawekewe sumu. Tanzania isingekuwa nchi ya kwanza kujaribu, kwa hiyo ushahidi wa wengine unastahili kutazamwa. Katika kisiwa cha Flores, nchini Indonesia, kichaa kiliingia mwaka 1997, na mbwa kwa maelfu mengi wakauawa, ugonjwa haukuondoka. Mbwa waliouawa nafasi zao zilijazwa na watoto wa mbwa wasio na kinga, na wenye mbwa waliwaficha au kuwahamisha, pengine pamoja na virusi. Ulaya, ambako ghala la ugonjwa lilikuwa ni mbweha wa porini kwelikweli, watu waliwawinda na kuwatilia gesi mashimoni kwa miaka mingi bila mafanikio. Mwaka 1978, katika bonde la mto Rhône nchini Uswisi, wataalamu walitawanya vichwa vya kuku vyenye chanjo ndani yake. Mbweha wakavila, wakapata kinga, na kabla karne haijaisha Uswisi ilikuwa imeondokana na ugonjwa huo. Ikiwa kuua kulishindwa hata pale ambapo mbweha alikuwa na hatia, hakuna sababu ya kukutumia hapa.

Chanjo ya mbwa, kwa upande mwingine, inadai kidogo kuliko inavyodhaniwa, na hesabu yake iko ndani ya uwezo wa darasa la kidato cha kwanza. Watafiti waliofuatilia mbwa wagonjwa mmoja mmoja katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro waligundua kwamba kila mbwa mwenye kichaa huambukiza, kwa wastani, mbwa kati ya mmoja na wawili tu. Tuseme ni mmoja na nusu. Theluthi moja ya mbwa wakiwa na kinga, wastani huo hushuka hadi mmoja, na ikizidi theluthi ugonjwa huanza kufifia wenyewe. Kwa nini basi wataalamu huagiza mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe? Kwa sababu mbwa wa kijijini haishi siku nyingi. Waliochanjwa hufa, watoto wasio na kinga huzaliwa, na kufikia mwisho wa mwaka zile 70 zimekwisha pungua sana. Asilimia 70 ni akiba ya kufikia kampeni nyingine bila kushuka chini ya mpaka wa hatari. Mwalimu wa hisabati aweza kuichora grafu hiyo ubaoni, nayo itafanana na jino la msumeno.

Kisiwa cha Pemba kimepitia yote hayo kwa vitendo. Kampeni za chanjo zilianza mwaka 2010, na kufikia 2014 kichaa kilikuwa kimetoweka. Kampeni zikalegea. Mwaka 2016 virusi vikaletwa tena kutoka nje ya kisiwa, vikaenea, na ikabidi kazi ianze upya mpaka vilipoondolewa kwa mara ya pili mwaka 2018.

Hapo ndipo lawama kidogo inapowastahili wapangaji wa bajeti. Chanjo ya mbwa mmoja ni bei ndogo mno ikilinganishwa na sindano za mtu mmoja aliyeumwa, na bado aghalabu fedha hutafutwa baada ya mtoto kuumwa, na mara nyingi hutafutwa na baba yake kwa kuuza mbuzi. Huuliza mtu: wizara ya mifugo itumieje fedha zake kuokoa watu, nayo wizara ya afya imchanjeje mbwa? Virusi havijui mpaka wa wizara. Wala mbwa asiachwe bila chanjo kwa kuwa hana faida ya nyama au maziwa. Ng'ombe wa sotoka naye asingechanjwa kwa ajili ya nyumbu, lakini nyumbu walifaidika.

Kisingizio cha barafu nacho kimepungua nguvu. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba vijiji visivyo na umeme haviwezi kutunza chanjo. Majaribio yaliyofanywa nchini Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2016, yalionyesha kwamba chanjo ya kichaa iliyokuwa ikitumika ilibaki na nguvu yake hata baada ya kuwekwa kwenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi kwa miezi sita, au nyuzi 30 kwa miezi mitatu. Baada ya hapo vikaundwa humu nchini vyombo vya kuihifadhia bila umeme, vinavyofuata kanuni ileile ya mtungi wa maji wa bibi: maji yanapogeuka mvuke kwenye udongo huchukua joto na kukiacha kilichomo ndani kikiwa na ubaridi. Mwalimu wa fizikia hahitaji kifaa kingine cha kuonyeshea somo la uvukizaji.

Katika vijiji vingi siku ya chanjo hufanyika uwanjani kwa shule, na anayemleta mbwa si mwenye kaya bali ni mtoto, kwa sababu mtoto ndiye mbwa anayemtii. Basi ni mwanafunzi atakayeamua kama asilimia 70 itafikiwa. Mbwa aje amefungwa kamba, mmoja mmoja, kwa kuwa foleni ya mbwa wasiojuana huzua mapambano yake yenyewe. Watoto wa mbwa nao waletwe. Imani kwamba ni wadogo mno kuchanjwa haina msingi, na wao ndio mikononi mwa watoto wa nyumbani kutwa nzima. Cheti kitakachotolewa kinafaa kuwekwa pamoja na kadi za kliniki za familia, mahali pasipofikiwa na mvua wala panya, maana siku mbweha atakapotoka kichakani na asikimbie, jambo la kwanza atakaloliuliza afisa mifugo, kabla hata ya kulitazama jeraha, ni tarehe iliyoandikwa humo.